Jumatatu Papa Clovis Atalala Yeye

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Papa Clovis Kilufya, muuguzi mkuu wa usingizi katika Hospitali ya Emausi hapa Likasi, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya furaha, usiwe mrefu, na watu wacheke. Nitajaribu. Lakini liko jambo ambalo wafanyakazi wote wanalijua na wageni wetu huenda hawajalisikia, na afadhali niliseme sasa. Jumatatu asubuhi Papa Clovis anarudi kwenye chumba cha upasuaji, safari hii kama mgonjwa. Anatolewa rovu shingoni. Na atakayemlaza usingizi ni mimi, Gaëlle Musonda, msaidizi wake ninayerithi kiti chake. Atakuwa mtu wa kwanza nitakayemlaza bila yeye kusimama nyuma yangu.

Kwa hiyo msomaji akikuta sentensi inatetemeka mahali fulani, anisamehe. Naandika huku kalenda ikinikodolea macho.

Papa Clovis alizaliwa Mwadingusha, mtoto wa mvuvi wa mto Lufira. Alisomea uuguzi Lubumbashi, akajifunza kazi ya usingizi chini ya sista mmoja mkali ambaye mpaka leo akimtaja hunyoosha mgongo. Alifika Emausi mwaka 1989, kijana mwembamba mwenye suruali pana, kwa mujibu wa picha iliyoko ukutani pale mapokezi. Suruali zile, mkewe Mama Henriette anasema, hazikutupwa hata moja. Wamepata watoto watano, wajukuu wengi kidogo, na mbwa mmoja asiyejulikana ni wa nani.

Kwa wasioelewa kazi yake, niieleze kidogo. Daktari anapopasua, kuna mtu anayekaa kichwani pa mgonjwa. Huyo ndiye anayempa dawa ya usingizi, anayehakikisha hewa inaingia na kutoka, anayesikiliza moyo, na mwishowe anayemwamsha. Watu humshukuru daktari, na ni haki yake. Yule wa kichwani hakumbukwi, kwa sababu alipofanya kazi mgonjwa alikuwa amelala. Papa Clovis hakuwahi kulalamikia hilo. Alisema tu kwamba kazi yake anaipenda ikiwa haina habari.

Habari zilikuja hata hivyo. Mwaka 2018, mimi nikiwa bado mgeni ninayepotea korido, aliletwa mchimbaji mmoja kutoka upande wa Kambove, Exaucé, mguu umevunjwa na jiwe. Papa Clovis alimlaza, Daktari Franck akaunga mguu, kila kitu kikaenda vizuri. Lakini ile dawa tuliyokuwa tukiitumia huleta ndoto, nyingine za ajabu. Exaucé alipoamka alikuwa analia. Akamwambia mkewe Orpa, "Nilikuwa nachimba tu. Kulikuwa mutu mwenye kufunika uso, ananiambia chimba, chimba."

Mtu mwenye kufunika uso. Ndani ya chumba cha upasuaji sote tunafunika uso, lakini aliyekuwa ameinama juu ya Exaucé alipokuwa anazama alikuwa Papa Clovis.

Orpa alikuwa anauza mikate langoni petu, na jioni aliongoza maombezi katika kanisa lao la maombi. Sauti alikuwa nayo, na watu wa kumsikiliza alikuwa nao. Haikupita wiki, mtaa mzima wa Kikula ukawa unajua: "Anabalalisha, kisha anabatuma Shinkolobwe bachimbe na roho. Mwili inabaki ku meza, roho iko mu shimo." Yaani eti anawalaza watu, kisha anazituma roho zao zikachimbe kwenye mgodi wa Shinkolobwe. Unaweza kucheka leo. Wakati ule hakuna aliyecheka. Kijana mmoja aliinuka kitandani na kidole tumbo chake kinachotaka kupasuka, akashuka ngazi akishika ukuta. Mama mmoja alitaka apasuliwe macho wazi. Wengine walirudi nyumbani kwa miguu na maumivu yao, na wawili kati yao hatukuwaona tena wakiwa hai.

Hapo ndipo mimi nilipojua mtu mzima anavyoshambuliwa na mawazo. Papa Clovis alikonda. Aliposalimia watu, walimpa mkono wa kushoto. Mbaya zaidi, kama alivyonieleza baadaye bila haya, ule uvumi ulimwingia yeye mwenyewe. Alianza kujiuliza: hawa ninaowalaza kila siku, kweli wanakwenda wapi? Mimi sijui. Na mmoja asiporudi, si itaonekana walisema kweli? Alikuwa akianza kusali, wazo linamkatiza kabla ya amina. Alikuwa akiishika sindano, wazo linamtangulia.

Sisi wafanyakazi tukaamua kumpigania kwa njia tunayoijua. Sala ya asubuhi ikageuka vita. Tukapiga makofi, tukakanyaga sakafu, tukamtaja Orpa kwa jina na kumwitia moto. Halafu tukatangaza mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu mpaka mlinzi. Mimi peke yangu nilikatazwa na daktari kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na wenzangu walinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo watu wa imani haba.

Siku ya tatu, mchana, akaletwa mama wa kujifungua ambaye mtoto amekwama. Ilibidi apasuliwe pale pale. Ndugu zangu, mnajua tuliingiaje? Daktari Franck alikuwa anatetemeka vidole. Daniella, anayempa daktari vyombo, alimpa mkasi alipoombwa uzi, kisha akaketi sakafuni taratibu, akabaki hapo akitabasamu. Papa Clovis alisoma shinikizo la damu, akalisoma tena, akanigeukia na kuniuliza nimesoma ngapi, kwa sababu namba zilikuwa zinaogelea. Mimi niliyekuwa nimekula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ndiye niliyekimbia kutafuta maji ya sukari, nikawanywesha mmoja mmoja kwa pembeni ya barakoa. Mtoto alitoka akilia. Anaitwa Michée, yuko shule ya msingi na ni mtundu.

Tulikuwa tumeomba sana Mungu atuondolee adui wa wagonjwa, na siku ile adui tulikuwa karibu kuwa sisi.

Kesho yake Papa Clovis alisimama kwenye sala ya asubuhi. Hakumlaumu mtu. Alisema amefunga siku tatu dhidi ya Orpa, na siku zote tatu hakuwaza kitu kingine isipokuwa Orpa; kwa hiyo badala ya kulitoa wazo baya amelitengenezea kiti. Kisha akatoa utaratibu ambao mpaka leo ndio utaratibu wa Emausi: "Mwenye kazi leo, akule. Mwenye congé, njo afunge juu yake." Yaani anayepasua anakula uji wake vizuri, na aliye mapumzikoni nyumbani ndiye anayefunga na kumwombea, kwa jina, saa zile mwenzake yuko kazini. Zamu inaendana na zamu. Wageni kutoka hospitali nyingine hushangaa wakisikia mtu analalamika, "Wiki hii nimepata mapumziko mara mbili, njaa itaniua."

Mfungo wa mgonjwa haukuguswa, maana anayelazwa lazima tumbo liwe tupu. Papa Clovis aliwatania wagonjwa kwa hilo. Aliwaambia kwamba asubuhi hiyo wao ndio wakristo kuliko wote jengoni.

Na Orpa? Papa Clovis alianza kumwombea mema. Si kwa maneno makubwa. Kabla ya upasuaji tunanawa mikono muda mrefu, mpaka viwiko, na katika muda ule wote alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida, Orpa abarikiwe, mikate ya Orpa inunuliwe, mguu wa mume wa Orpa upone. Siku za kwanza, alikiri, meno yalikuwa yanasagana. Aliendelea hivyo hivyo, kwa sababu alisema mikono huwa michafu inapoingia kwenye maji, na hiyo si sababu ya kutonawa. Alizoea kiasi kwamba miaka mitatu baadaye mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliandika kwenye ripoti yake kwamba Emausi wananawa kwa sabuni inayoitwa Orpa.

Halafu akaenda nyumbani kwa Orpa. Alikwenda na Mama Henriette, mchana kweupe, watu wakichungulia. Hakwenda kujitetea. Alimwomba Exaucé amsimulie ile ndoto yote, toka mwanzo, alichimba nini, shimo lilikuwa na rangi gani, aliogopa wapi. Exaucé alisimulia, akalia tena. Papa Clovis alimweleza habari ya dawa, kwamba huchukua kazi ya mtu na hofu yake na kuvichanganya, na kwamba tangu siku ile ameanza kuiongezea dawa nyingine ya kutuliza. Exaucé alielewa. Orpa hakuelewa, au hakutaka. Alisema wazi, "Minye sikuamini." Papa Clovis akamjibu kwamba basi aje mwenyewe achunge. Akae mlangoni, aimbe mpaka mgonjwa alale, na asiondoke mpaka aamke, ili amuulize roho yake ilikuwa wapi.

Sisi tuliona amerukwa na akili. Orpa alikuja. Alikuja na kitambaa cheupe kichwani na uso wa mtu anayekwenda kukamata mwizi, akaketi kwenye benchi la mlangoni na kuimba. Sauti yake ilipita chini ya mlango. Mgonjwa wa kwanza alilala katikati ya ubeti wa pili. Alipofungua macho, Orpa alimwinamia na kumhoji kama askari wa mpakani. Yule mzee akajibu kwamba hakwenda popote, na je, anaweza kupata chai.

Ndivyo benchi la mlangoni lilivyozaliwa. Sasa kila mgonjwa ana mtu wake wa kuimba, na asiye na mtu anaimbiwa na Orpa. Anasema bado anamchunguza Papa Clovis. Miaka saba anachunguza, na wagonjwa wamerudi.

Nikifika kwenye mafanikio yake, kamati ingependa nitaje vyeti. Vipo, viwili, kimoja kina kioo kilichopasuka. Mimi nataka kutaja kile anachofanya kabla ya dawa. Anavuta kigoda, anakaa usawa wa macho ya mgonjwa, anamwita kwa majina yake yote kama alivyobatizwa. Kisha anamwambia: "Sema ile wazo na kinywa. Usiingie nayo mu usingizi." Na watu husema. Mama anasema, nitakufa na watoto watalelewa na shangazi yao asiyewapenda. Mchungaji mmoja anayejulikana alisema, nimewaombea wengine wapone na mimi sina imani. Papa Clovis hamwambii mtu kwamba anakosea kuogopa. Anatulia, anasoma zaburi moja fupi, si tatu, maana anasema hofu ikiona maneno mengi inajua mwenye kusema anaogopa pia. Halafu anasema amina na mkono wake unaanza kazi. Nimemwona akifanya hivyo wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, siku umeme umekatika na tunapuliza hewa kwa mfuko wa mkono, na sikumwona akifupisha.

Sasa turudi kwenye Jumatatu, maana najua mnaijua na mimi siwezi kuizunguka zaidi.

Rovu lile tumeliona likikua. Alilifunika kwa skafu, na kila alipoambiwa alitoe alijibu kwa mzaha, "Nani atalalisha mulalishaji?" Tulicheka miaka yote hiyo. Mwaka huu limeanza kumbana akilala chali. Alipigwa picha Lubumbashi. Njia ya hewa imesukumwa pembeni lakini iko wazi. Wataalamu wa kule walikuwa tayari kumpokea. Watoto wake walishaandaa gari. Akakataa, akasema atalazwa Emausi, na Gaëlle.

Si wote waliofurahi, na mimi nilikuwa wa kwanza kutofurahi. Jean-Luc, msimamizi wetu wa hospitali, alisema mbele ya kikao kizima kwamba mimi bado mbichi, kwamba shingo kama ile haipewi mtu wa kujifunzia, na kwamba jambo likiharibika hospitali itafungwa. Hakusema kwa chuki. Alisema kile ambacho wagonjwa walikuwa wakinong'ona kwenye korido: Papa Clovis akiondoka, huyu msichana ataweza? Nilitoka kikaoni. Nilimfuata Papa Clovis nikamwomba aende Lubumbashi, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza kulia. Kisha akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake: "Niko na boga, mutoto yangu, nakuambia kweli. Lakini minye nikikukimbia, kesho batu batakuamini namna gani?"

Kwa hiyo Papa Clovis anaogopa. Yule aliyekaa vichwani pa watu maisha yake yote anajua vizuri kuliko mgonjwa yeyote kila kinachoweza kuharibika, kwa mpangilio wake. Na ameiweka shingo yake mikononi mwangu ili wagonjwa wa Jumanne wasishuke ngazi wakishika ukuta. Sijui nimwite nani mtu wa namna hiyo. Ninamwita Papa.

Tangu kikao kile nimekuwa nikinawa mikono na kumtaja Jean-Luc. Jean-Luc abarikiwe, hesabu za Jean-Luc zikae sawa, goti la Jean-Luc lipone. Meno yanasagana kweli, Papa Clovis hakutia chumvi. Siku nyingine nafika viwiko sijapata neno jema hata moja, nanawa upya. Sikuona badiliko lolote kwake. Anapita koridoni, ananisalimu kwa kichwa.

Jana zamu za Jumatatu zilipangwa, na kulitokea ugomvi ambao katika hospitali nyingine hauwezi kutokea: watu wanagombania mapumziko ili wafunge. Daniella alikasirika kwa kupangwa kazini, ingawa ndiye atakayempa daktari vyombo na hatuwezi bila yeye. Mlinzi alitaka abadilishane. Katikati ya makelele akaingia Jean-Luc, ambaye katika miaka yote ya kuwa msimamizi hajachukua mapumziko hata siku moja, mke wake ni shahidi. Akaomba apumzike Jumatatu. Akanitazama na kusema, "Mawazo yangu sijaibadirisha. Lakini nitafunga juu yako." Akatoka.

Orpa naye amekwisha kuniambia kwamba benchi ni lake, asikae mtu mwingine. Atamwimbia Papa Clovis mpaka alale, na baada ya hapo, alisema, atakuwa ananichunga mimi.

Papa Clovis, kwa niaba ya wafanyakazi wa Emausi, kwa niaba ya wote uliowaamsha wasijue ni nani aliyewaamsha, tunakushukuru. Asante kwa uji uliotulazimisha kula. Asante kwa kwenda nyumbani kwa watu waliokutukana. Asante, Mama Henriette, kwa kutuazima mumeo muda mrefu hivi na kwa kutuamini naye tena siku moja zaidi. Papa, umetufundisha kwamba wazo baya linasemwa kwa kinywa, mbele ya watu watakaokuombea, kwa hiyo nalisema langu hapa, lichapishwe, kila mwenye programu hii ya sherehe mkononi alisome: naogopa kwamba Jumatatu nitakuita kwa majina yako yote na hutaitika.

Nimelisema. Sasa mkono utafanya kazi yake.

Kamati ilinikumbusha mara mbili kwamba wasifu wa mstaafu humalizika kwa kumtakia maisha mema. Naomba kamati inivumilie. Kwa leo, Papa, tunakutakia usingizi mwepesi. Maisha mema nitakutakia mwenyewe Jumatatu, ukifungua macho.